Nusu Saa ya Jumapili: Jinsi ya Kuitunza na Kuityuni Pikipiki Yako Ukiwa Nyumbani

Mwaka jana nilipanda bodaboda kwenda kuandika habari za zahanati moja katika milima ya Kaloleni. Tulipoanza kushuka mteremko, kijana aliyenibeba alikanyaga breki ya nyuma na pikipiki haikupunguza mwendo. Akakanyaga tena, hali ikawa ile ile. Alipoona kona inakaribia, aliielekeza pikipiki kwenye ukingo wa udongo kando ya barabara na tukaanguka. Mimi nilichubuka goti. Yeye alivunjika kidole.

Tulipoketi chini ya mwembe kungoja usaidizi, aliniambia kuwa breki hiyo ilikuwa imelia kwa siku tatu. Kila ilipolegea alikaza nati ya waya wake, mpaka nati ikafika mwisho. Nikamuuliza kuhusu breki ya mbele. Akasema aliifungua kebo yake zamani, kwa sababu aliambiwa breki ya mbele humrusha mtu.

Kijana huyo hakuwa mzembe. Alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri na kuiosha pikipiki yake kila jioni ikang'aa. Hakuna mtu aliyewahi kukaa naye na kumwonyesha mambo ya kuangalia. Somo hili ni kwa ajili yake, na kwa kila mkaazi wa kaunti yetu anayeendesha pikipiki au kuimiliki na kumpa mwingine aiendeshe.

Ujumbe wetu ni mmoja: nusu saa kwa wiki, na spana chache, vinatosha kuzuia sehemu kubwa ya hitilafu zinazoangusha watu na kula pesa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kabla ya kuanza

Kwanza, tafuta kitabu cha maelezo kilichokuja na pikipiki. Kama kimepotea, fundi wa duka linalouza aina hiyo anaweza kukupa vipimo vyake. Vipimo tunavyovitaja hapa ni vya kawaida kwa pikipiki ndogo za kazi, za injini ya ujazo wa sentimita 100 hadi 150. Kitabu chako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Pili, kusanya vifaa: spana za kawaida, spana ya plagi, bisibisi mbili, koleo, brashi kuukuu, vitambaa, mafuta taa kidogo, kopo la oili safi, na kipimo cha upepo wa tairi. Wahudumu wa steji moja wanaweza kuchanga na kununua seti moja ya pamoja.

Tatu, chagua mahali. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, kwenye ardhi iliyo sawa na palipo wazi. Usiwashe injini ndani ya chumba au banda lililofungwa. Moshi wa ekzosi una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua. Usifungue tanki wala bomba la petroli karibu na jiko, koroboi au sigara. Ngoja ekzosi ipoe, na watoto wakae mbali.

1. Tairi

Kuibonyeza tairi kwa kidole gumba hakutoshi. Tairi iliyopungukiwa na upepo kwa robo nzima bado huonekana ngumu mkononi. Tumia kipimo, na upime asubuhi kabla ya kutoka, kwa sababu tairi iliyopata moto hutoa kipimo cha juu kuliko hali halisi.

Pikipiki nyingi ndogo huhitaji kama PSI 25 mbele. Nyuma ni kama PSI 28 ukiwa peke yako, na 32 au zaidi ukibeba abiria. Mara nyingi kibandiko chenye vipimo hivyo kiko kwenye kifuniko cha cheni au karibu na gurudumu la nyuma. Upepo ukiwa mdogo, tairi hupata joto, huyumba kwenye kona na hunywa petroli. Ukizidi, pikipiki hurukaruka kwenye changarawe na mshiko hupungua.

Zungusha gurudumu taratibu utafute msumari, mpasuko, au mahali ambapo meno ya tairi yameisha. Kisha gonga kila spoki kwa spana ndogo. Iliyokazwa hutoa mlio mwembamba, na iliyolegea hutoa mlio mzito uliokufa. Spoki zilizolegea zikazwe na fundi, maana ukikaza upande mmoja tu utapindisha rimu.

2. Cheni

Kaunti yetu ina maadui wawili wa cheni. Mtwapa, Kilifi, Watamu na Malindi kuna upepo wa bahari wenye chumvi, unaoleta kutu. Ganze na Magarini kuna vumbi, ambalo likichanganyika na oili hugeuka kuwa kama msasa.

Zima injini na uweke gia kwenye nyutro. Safisha cheni kwa brashi na mafuta taa, kisha ikaushe kwa kitambaa. Usitumie petroli, kwani huwaka haraka. Paka oili safi upande wa ndani wa cheni ukizungusha gurudumu kwa mkono. Usifanye kazi hii injini ikiwa imewashwa hata mara moja. Cheni na sproketi hukata kidole kabla hujapata nafasi ya kupiga kelele.

Wengi hupaka oili chafu iliyotoka kwenye injini kwa kuwa ni ya bure. Oili hiyo imebeba chembe za chuma na masizi, nayo husaga cheni badala ya kuilinda. Oili ya gia ni bora zaidi, na kidogo tu hutosha. Futa inayodondoka isije ikafika kwenye tairi.

Sasa pima ulegevu. Shika cheni sehemu ya chini, katikati ya sproketi mbili, uisukume juu na chini. Kwa kawaida inatakiwa kucheza kati ya sentimita 2 na 3. Zungusha gurudumu upime mahali pengine kadhaa, maana cheni haichakai sawasawa, kisha utumie kipimo cha mahali palipokaza zaidi. Cheni iliyolegea sana hutoka na inaweza kufunga gurudumu. Iliyokazwa sana hukatika, na huharibu beringi. Kama cheni yako imefunikwa yote, tafuta kizibo cha mpira kwenye kifuniko, ukitoe na upimie hapo.

Ukihitaji kurekebisha:

- Toa pini na ulegeze nati ya ekseli ya nyuma.
- Zungusha nati za kurekebishia za pande zote mbili kwa kiasi sawa. Alama za kulia na kushoto zisomane, la sivyo gurudumu litakaa upande.
- Kaza ekseli, rudisha pini, kisha pima cheni tena.
- Kagua breki ya nyuma. Gurudumu likisogea, kanyagio la breki hubadilika pia. Wengi husahau hatua hii.

Angalia pia klipu inayounganisha cheni. Upande wake uliofungika unatakiwa kutangulia kule cheni inakoelekea. Ikiwekwa kinyume, jiwe au fito inaweza kuichomoa.

Mwisho, tazama meno ya sproketi. Yakiwa yamelala na kuchongoka kama pezi la papa, yamekwisha. Badilisha sproketi zote mbili na cheni kwa pamoja. Cheni mpya juu ya sproketi kuukuu huharibika mapema, na pesa yako hupotea mara mbili.

3. Breki

Turudi kwenye mteremko wa Kaloleni. Unapofunga breki, uzito mwingi husogea mbele. Gurudumu la mbele hubana ardhi na la nyuma huwa jepesi. Ndiyo maana breki ya mbele hufanya zaidi ya nusu ya kazi ya kusimamisha pikipiki. Mtu hurushwa anapoibana ghafla, hasa usukani ukiwa umekunjwa au barabara ikiwa na mchanga. Ukiibana polepole, usukani ukiwa umenyooka, pamoja na ile ya nyuma, hiyo ndiyo rafiki yako mkubwa. Kuifungua kebo yake ni kutupa zaidi ya nusu ya uhai wako.

Kwa breki za duara zenye viatu ndani, fanya hivi. Mkono wa breki ya mbele uwe na ulegevu wa sentimita 1 hadi 2 kwenye ncha kabla haujaanza kushika. Kanyagio la nyuma liwe na sentimita 2 hadi 3. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono ukiwa hujabana breki. Lizunguke bila kukwaruzwa.

Sasa bana breki utazame bamba la breki penye gurudumu. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo na alama pale. Mshale ukivuka alama breki ikiwa imebanwa, viatu vimekwisha. Hapo usikaze nati tena. Nunua viatu vipya siku hiyo hiyo. Nati iliyofika mwisho ni ujumbe kwamba ndani hakuna kitu kilichobaki.

Vumbi la viatu vya breki usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu, kwani ni baya kwa mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi. Oili au grisi isiguse viatu kabisa.

Kwa breki za diski, angalia kiasi cha majimaji kwenye kikopo chake, yasishuke chini ya alama ya mwisho. Ongeza aina iliyoandikwa kwenye kifuniko tu, kamwe usiweke oili ya injini. Ukibana mkono wa breki ukahisi unazama kama sponji, kuna hewa ndani. Hiyo ni kazi ya fundi, na pikipiki isitoke mpaka itengenezwe.

4. Oili ya injini

Kagua kila wiki kwa kijiti au kidirisha cha kioo kilicho ubavuni mwa injini. Pikipiki iwe imesimama wima na imezimwa kwa dakika chache. Kitabu kitakuambia kama kijiti hufungwa au hukaa tu wakati wa kupima.

Kuhusu kubadilisha, hesabu kilomita, usihesabu miezi. Tuseme kitabu kinasema kila kilomita 3,000. Mwalimu anayekwenda kilomita 20 kwa siku atafika hapo baada ya siku 150. Mhudumu wa bodaboda anayekwenda kilomita 120 kwa siku atafika baada ya siku 25. Wote wawili wakingoja "miezi mitatu", wa pili atakuwa amepitisha kilomita 7,000 kwa oili iliyokufa. Pikipiki mpya hubadilishwa oili ya kwanza mapema zaidi, mara nyingi kati ya kilomita 500 na 750.

Soma chupa kabla ya kulipa. Pikipiki nyingi za hapa hutumia oili ya 20W-50. Tafuta pia maandishi JASO MA au MA2. Maana yake ni kwamba oili hiyo imetengenezewa pikipiki, ambazo klachi yake huogelea ndani ya oili ya injini. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya utelezi ambayo hufanya klachi iteleze: injini inalia lakini pikipiki haipandi mlima. Kagua pia alama ya ubora ya KEBS. Nambari iliyo chini ya alama hiyo unaweza kuithibitisha kwa ujumbe mfupi kwenda 20023.

Oili chafu usiimwage shambani, chooni, mtaroni wala ufuoni. Kidogo tu huharibu maji mengi, na visima vyetu vingi havina kina kirefu. Ikusanye kwenye jerikeni lenye kifuniko uipeleke gereji inayokusanya. Nawa mikono kwa sabuni, kwani oili hiyo ikikaa kwenye ngozi mara kwa mara ina madhara.

5. Filta ya hewa na plagi

Injini hupumua. Filta ikijaa vumbi la Magarini, injini hukosa hewa, petroli huzidi, moshi huwa mweusi na nguvu hupungua. Filta ya sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikaushwe kabisa, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Filta ya karatasi haioshwi. Ikung'ute taratibu, na ikichakaa ibadilishwe.

Wapo wanaoitoa filta ili pikipiki "ivute". Mlio huongezeka kweli, lakini mchanga huingia moja kwa moja kwenye silinda na kusaga pistoni na ringi zake. Baada ya muda moshi wa buluu huanza kutoka, na gharama ya kufungua injini ni kubwa mara nyingi kuliko bei ya filta.

Plagi itoe injini ikiwa baridi, kisha isome kama barua. Rangi ya biskuti ni habari njema. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli nyingi au filta iliyoziba. Weusi wenye oili unaonyesha oili inapenya kwenye silinda. Nyeupe inaonyesha petroli kidogo au joto kupita kiasi. Nafasi ya ncha zake kwa kawaida ni kati ya milimita 0.6 na 0.8. Unapoirudisha, anza kuifunga kwa vidole ili usiharibu nyuzi, kisha malizia kwa spana bila kulazimisha.

6. Kutyuni

Kutyuni huja mwisho. Mtu akikimbilia skrubu za kabureta kabla ya kuangalia filta, plagi na nafasi za valvu, anatibu homa bila kujua ugonjwa.

Washa injini mpaka ipate moto. Tafuta skrubu ya mwendo wa kusimama na uizungushe taratibu mpaka injini ingurume kwa utulivu, isizime wala kupiga kelele. Kisha kunja usukani kulia hadi mwisho, halafu kushoto. Injini ikiongeza mwendo yenyewe, kebo ya mafuta imebana au imepitishwa vibaya. Irekebishe kabla ya kwenda popote, maana siku moja itakuongezea mwendo katikati ya kona. Mkono wa mafuta ukiuachia urudi wenyewe mara moja.

Skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa, kama unaigusa, andika kwanza ilikuwa imezungushwa mara ngapi kutoka mwisho, usogeze kidogo kidogo, na usiikaze kwa nguvu hata kidogo. Ukipotea, rudi kwenye nambari uliyoandika.

Nafasi za valvu hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, kwa vipande vyembamba vya kupimia vya sehemu ndogo za milimita. Mwachie fundi aliyefunzwa. Mlio mdogo wa "tik tik" si ugonjwa kila mara. Valvu zilizobanwa hunyamaza, kisha huungua.

Kukata ekzosi, kuondoa kizuia sauti na kubadilisha sproketi ili kupata kasi si kutyuni. Breki na tairi zilipimwa kwa mwendo ule wa awali. Ukiongeza kasi bila kuongeza uwezo wa kusimama, unajiandalia ajali.

Ratiba ya kubandika ukutani

- *Kila asubuhi, dakika tatu:* upepo wa tairi kwa macho, breki zote mbili, taa na honi, mkono wa mafuta, matone chini ya injini.
- *Kila Jumapili, nusu saa:* kupima upepo, kusafisha na kupima cheni, kukagua breki, oili, spoki na nati.
- *Kila baada ya kilomita zilizotajwa kitabuni:* oili, filta, plagi, valvu.
- *Ukipita maji ya mafuriko au ufuoni:* osha kwa maji baridi, kausha, paka cheni oili, na jaribu breki polepole kabla ya kubeba mtu.

Nunua daftari la kurasa 32. Andika tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa na gharama. Kwa mwenye pikipiki aliyempa kijana wake aiendeshe, daftari hilo humaliza ugomvi mwingi kuhusu pesa za gereji.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji avae helmeti na jaketi yenye viakisi mwanga, na abebe abiria mmoja tu. Mzigo wa watu watatu hufuta kazi yote uliyoifanya Jumapili kwenye tairi, cheni na breki.

Kwa wanaotaka kujifunza zaidi, vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Uliza katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako ni chuo kipi kilicho karibu na mafunzo gani ya mitambo yanatolewa.

Maswali ya kujadili steji

1. Kwa nini ni lazima kukagua breki ya nyuma baada ya kurekebisha cheni?
2. Unakwenda kilomita 100 kwa siku na kitabu kinasema ubadilishe oili kila kilomita 3,000. Utabadilisha baada ya siku ngapi?
3. Plagi yako ni nyeusi na kavu. Utaangalia nini kabla ya kugusa kabureta?
4. Nani kati yenu ameifungua breki yake ya mbele, na ataifunga lini?

Kijana wa Kaloleni amerudi kazini. Nilimpanda tena mwezi uliopita, kwa njia ile ile. Kabla hatujashuka mteremko alisimama, akabana breki ya mbele, akakanyaga ya nyuma, akanitazama na kutikisa kichwa kwamba ziko sawa. Ndipo tukashuka, polepole, mpaka chini.